Nyota Tano kwa Mke wa Mwindaji

"Shemeji hajafika. Kiti chake kiko wazi tangu saa mbili."

Fundi alibana simu kati ya sikio na bega. Mkono mmoja ulishika kiatu, wa pili brashi ya gundi. Aliyempigia alikuwa muuguzi wa chumba cha kusafishia damu, na mwanamke yule hakuwa mtu wa kupiga simu kwa mambo madogo.

"Labda amechelewa njiani."

"Na Jumamosi pia alichelewa njiani? Dada, hii ni mara ya pili. Mtu ambaye figo zake zimekufa hakosi mara mbili. Mtafute!"

Kiatu kilimponyoka. Jumamosi hiyo hiyo Mkutubi alikuwa amemwambia, kwa sauti tamu kabisa, kwamba amesafishwa na anajisikia vizuri. Mwongo!

Watu walimwita Mkutubi kwa kazi yake ya maktaba. Naye mchumba wake aliitwa Fundi kwa sababu alishona viatu kuwashinda wanaume wa mtaa mzima. Wangeshaoana mwaka jana kama si maradhi. Vipimo vilionyesha figo ya Fundi inamfaa, daktari yuko tayari, kilichobaki ni Mkutubi kutia sahihi. Wiki ya tatu sasa jibu lake ni "kesho".

Fundi alipofungua simu kumtafuta, alikuta ujumbe wake kwenye kundi la wasomaji wa maktaba. Aliutuma nusu saa iliyopita.

"Nimemaliza riwaya ya mwindaji wa wanyonya damu. Mwandishi anaijua karne ile: tauni, farasi, taa za mafuta, kila kitu kipo. Lakini mwindaji wake ni mjinga. Mkewe ameumwa na kugeuka mnyonya damu, naye badala ya kumwacha anamficha darini, anamlisha damu ya mkono wake mwenyewe hadi anabaki mifupa mitupu. Mwenye akili humo ni mke peke yake. Alfajiri moja mume akiwa ametoka, anafungua dirisha na kulisubiri jua limchome. Sijasoma mwisho mzuri kama huu. Nyota tano."

Chini yake wasomaji walikuwa wanapiga makofi. Mmoja ameandika, "Mkutubi, umeniliza!"

Fundi alitoka mbio na aproni yake, gundi mbichi vidoleni.

Alimkuta Mkutubi nyumbani kwake, kitandani, ameegemea mito mitatu, uso umevimba, anahema kama aliyepanda mlima.

"Jua liko wapi?" Fundi aliuliza. "Si ndilo unalolisubiri?"

"Umesoma maoni yangu."

"Na kitabu nimekisoma. Ulikisahau kwangu wiki nzima."

"Wewe? Kurasa mia nne?"

"Mia nne na kumi! Sasa sikiliza maoni ya mshona viatu. Yule mke ni mwoga. Kwa nini alingoja mume atoke? Kwa nini hakumwambia usoni, mume wangu nimechoka?"

"Alimhurumia."

"Alimwibia! Mwanamume anarudi na mkate mkononi, anakuta majivu. Mwandishi kakata hapo hapo, na nyinyi mnashangilia. Mimi nataka sura inayofuata. Nani aliyafagia yale majivu?"

Mkutubi alifumba macho.

"Fundi, sitaki kukunyonya."

"Nani kakwambia unaninyonya?"

"Hakuna."

"Hujui kudanganya ukitazamwa. Nani?"

Mkutubi aligeuzia uso ukutani.

"Mama yako. Alikuja maktaba. Alisema baba yako aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka. Kabaki na wewe tu. Akasema kama nakupenda, niache kukunyonya. Hakukosea, Fundi."

Fundi alipiga simu pale pale, akaweka sauti ya juu.

"Mama, ulikwenda maktaba?"

"Nilikwenda."

"Ukamwambia nini mchumba wangu?"

"Nilimwambia uchungu wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Basi amekusikia. Ameacha kwenda kwenye mashine. Anakufa hapa mbele ya macho yangu."

"Wee! Nilimwambia akuache, sikumwambia afe!"

"Kwake ni kitu kimoja, mama."

Simu ilikatika. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. Hasira zilimwisha, ikabaki hofu tupu.

"Sikuombi unioe. Sikuombi utie sahihi. Niambie usoni, basi. Unataka kufa?"

"Hapana," Mkutubi akasema, na machozi yakamtoka. "Naogopa utakufa wewe, nibaki mimi."

"Na mimi naogopa. Vaa viatu twende."

Viatu havikuingia, miguu ilikuwa imejaa maji. Fundi alimtoa pekupeku, uzito wote wa Mkutubi begani mwake.

Hospitalini muuguzi aligomba huku akichoma sindano. Daktari alikuja mara mbili, kwa kuwa moyo ulikuwa unapiga ovyo.

"Mngengoja hadi jioni," muuguzi alisema, "ningekuwa nagombana na maiti."

Mama alifika mchana, kandambili moja yake, nyingine ya jirani. Hakuwahi kukanyaga chumba kile. Aliitazama mipira myekundu inayotoka mkononi mwa Mkutubi.

"Damu yote hiyo ya nani?"

"Yake, mama," muuguzi alijibu. "Inatoka, inasafishwa, inamrudia. Mara tatu kwa wiki, mwaka na nusu sasa."

Mama akavuta kiti, akaketi.

"Shikamoo, mama," Mkutubi alisema.

"Marahaba."

"Nilikuja kumposa mwanao, ukanikubalia. Leo naomba kikubwa kuliko posa. Nataka kutia sahihi, lakini si kwa kukuficha. Ukikataa, nitabaki na mashine hii. Kufa kwa siri sirudii tena."

"Siwezi kukubali," mama alisema. "Usinidanganye kwamba nitazoea. Nikifumba macho naiona ile shuka." Akamgeukia bintiye. "Njia nzima nimejiuliza, huyu akifa, utanitazama kwa jicho gani?"

Fundi akamshika mama yake mkono.

Mama alitikisa kichwa taratibu, akajifuta uso kwa kiganja.

"Daktari aniambie siku yenyewe ya upasuaji. Nitakaa mlangoni. Na mtoke wote wawili, nasema! Wote wawili!"

"Tumekusikia, mama," Fundi alisema.

"Siwaambii nyinyi. Namwambia Mungu."