Mabomba Yaliyotoka Nagongera

Sehemu ya mbele ya pikipiki ilizama polepole, kama mtu mzito amekaa juu ya usukani, kisha ikainuka. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Rasto, fundi wa pikipiki hapa Busia, aliikodolea macho, spana mkononi, akajiambia ni upepo. Upepo! Fundi aliyeifanya kazi hii miaka kumi na sita, anajua vizuri upepo hauna kilo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya kaka yake Bwire, katekista wa Sikuda, ile ya zamani waliyoachiwa na baba yao. Mabomba ya shokapu za mbele, zile zinazobeba usukani na kumeza mashimo, yalikuwa yameliwa na kutu mpaka oili inachuruzika, na mapya ya aina ile hayapatikani tena. Rasto akapata mawili kwa Obore, muuza skrepa. Yalijaa udongo mwekundu ndani na nje. Hakuuliza yametoka wapi, maana mpakani ukiuliza kila kitu kwao ni wapi, utalala njaa. Akayasugua kwa msasa, akayafunga, na ndipo mbele ikazama vile.

Baada ya siku mbili yakaanza kuvuja. Si oili, maji, tena ya matope, yananuka samaki aliyeoza. Rasto alibadilisha sili za mpira mara mbili, wapi!

Siku ya tatu Bwire alikuja ameloa hadi kiunoni, na mvua haikuwa imenyesha.

"Rasto," alinong'ona, "jana nilikuwa naenda kanisani, nikajikuta Mto Malaba. Usukani ulinigeuza wenyewe. Kuna mtu amekaa mbele yangu. Simwoni, lakini namsikia anapumua maji."

"Usiipande tena, kaka."

"Leo nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nilikuwa njiani kwa miguu nikashtuka niko juu yake, ndani ya mto."

Bwire ndiye aliyemlea Rasto tangu wazazi wao wafe, hakuwa na mwingine. Akamkimbilia Obore.

"Yale mabomba ulitoa wapi?"

"Kwani iko nini? Mimi nauza chuma kwa kilo."

"Obore, kaka yangu anakufa!"

Obore alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Rafiki yangu, mtu moja alileta kutoka Nagongera. Alichimba kwa kaburi ya Obbo. Kijana ule maji ya mto ilichukua na pikipiki yake, sasa ni miaka sita."

Mwili wa Obbo, alieleza, haukuonekana kamwe. Mto ulitoa mabomba mawili tu, na mama yake, Akongo, akayazika badala ya mwanawe, ili naye awe na pa kulala.

Mchana uleule Rasto na Bwire walikuwa kwa Akongo, kule Nagongera, pikipiki wameipakia kwenye gari. Mama huyo alisikiliza bila kuwatukana, na afadhali angewatukana.

"Mumetoa mtoto yangu nyumbani kwake," alisema. "Rudisheni. Kisha nitamwita jina, nimwambie alale. Ni mimi tu anasikia. Nikisema, ataachia huyu."

Rasto akazifungua shokapu palepale kando ya kaburi, jua likiwaka utosini, na kila nati aliyolegeza maji yalibubujika, mengi kuliko bomba lolote linavyoweza kubeba, yakapita katikati ya vidole vyake yakiwa baridi kama usiku, na harufu ya mto ikapanda mpaka kuku wa boma wakakimbia, naye akachimba, akalaza mabomba, akafukia kwa mikono miwili huku akitaja majina yote ya watakatifu aliyoyajua, na nyuma yake Bwire akipumua, akipumua kwa mkoromo kama anayezama.

"Obbo!" Akongo aliita.

"Mama, nimefika."

Sauti haikutoka ardhini. Ilitoka mdomoni mwa Bwire, kwa Kidhopadhola, lugha ya Akongo na watu wa Nagongera. Rasto alikisikia kidogo kwa sababu ya wateja. Bwire hakukijua hata salamu.

"Mama, mwambie alale!" Rasto alilia. "Sema sasa!"

Akongo akamsogelea Bwire. Miaka sita hakuisikia sauti ile. Mkono wake ukapanda taratibu ukamgusa shavuni.

"Mama, nakupigia magoti! Huyo ni kaka yangu, sina mwingine!"

"Na mimi?" alijibu Akongo bila kugeuka. "Mimi niko na mwingine?"

Akamfuta Bwire matope usoni kwa ncha ya gauni lake la gomesi.

"Ingia ndani, baba," alimwambia kwa lugha yao. "Chakula kinapoa."

Bwire aliinama mlangoni, akaingia bila kumtazama ndugu yake. Akongo akamfuata, na Rasto akasikia komeo likifungwa kwa ndani.