Kufuli la Nane Nane

Asteria alikuwa akimenya ndizi, lakini roho yake haikuwa kwenye ndizi. Mwanawe Brightness alikuwa akiharisha tangu jana. Sasa alilala mkekani, mlegevu, macho yamebonyea. Na kimya cha mtoto mgonjwa, jamani, si cha kufurahia.

Mumewe Benedikto aliingia, akatua majani ya ng'ombe.

"Tutampeleka zahanati kesho," alisema. "Leo Siku ya Nyerere, sikukuu ya taifa. Nani yupo kazini?"

Asteria akatupa kisu.

"Kesho? Hata siku ile ulisema kesho, Baba Wilbard!"

Benedikto akainama. Tangu mazishi, hakuna aliyemwita jina hilo. Wilbard, mtoto wao wa kwanza, alilala kwenye kaburi dogo migombani. Aliharisha mwaka jana, siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Benedikto alimbeba hadi zahanati ya misheni, akakuta kufuli, akarudi naye nyumbani. Kesho yake walimzika.

Asteria hakungoja ruhusa. Akamfunga Brightness mgongoni, akateremka mlima. Benedikto akamfuata.

Mlangoni pa zahanati palikuwa na kufuli lile lile.

"Si nilisema?" Benedikto alinong'ona.

Asteria aliupiga mlango kwa ngumi. "Hodi! Jamani, hodi! Mtoto anakufa!"

"Nakuja!" sauti iliitika nyuma ya jengo. Akatokea Sista Corazon, muuguzi kutoka Ufilipino, mikono imejaa povu la sabuni. Alifungua upesi, akampima mtoto, akakoroga maji ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini.

"Mnyweshe kwa kijiko, kidogo kidogo," alisema. "Akitapika, subiri kidogo, kisha uendelee."

Jua lilipoinama, Brightness alikojoa; maji yalikuwa yamemrudia mwilini. Halafu akalia kwa nguvu. Asteria naye akalia.

"Sista, kumbe sikukuu mpo?" Benedikto aliuliza.

"Sikukuu inafunga ofisi na shule. Ugonjwa haufungi. Kwetu Ufilipino kuna sikukuu za nchi nzima, na nyingine za mkoa mmoja tu, wenyeji wake wanapokumbuka mambo yao. Lakini siku zote hizo, mgonjwa wa dharura ana wa kumpokea. Hapa mimi naishi nyuma. Ukikuta kufuli, zunguka, ugonge. Mtoto akiharisha na kulegea, macho yakibonyea, au akishindwa kunywa, usingoje kesho."

Benedikto akauliza, "Na Nane Nane ya mwaka jana?"

Sista alimtazama kwa huruma. "Nilikuwepo, baba."

Benedikto alikaa chini, akafunika uso. Angezunguka jengo tu! Loo, uchungu huo hauna dawa. Asteria alitaka kumlaani, akashindwa.

"Hukujua," alimwambia. "Wala mimi sikujua."

Sista akaketi nao. "Kwetu kuna siku ya marehemu," alisema taratibu. "Tunasafisha makaburi, tunawasha mishumaa. Na ninyi mkumbukeni wenu."

Nane Nane iliyofuata, walipalilia kaburi na kuwasha mshumaa. Kisha Benedikto akavaa shati safi, akaenda kwenye kila nyumba yenye mtoto mchanga. Asteria, Brightness mgongoni, alimsikia kwa jirani.

"Hodi! Leo sikukuu, lakini muuguzi yupo. Mkikuta kufuli, zungukeni, mgonge."

"Nani mwenzetu?" jirani aliuliza kutoka ndani.

Benedikto akasogea mlangoni.

"Ni mimi," alisema. "Baba Wilbard."