Binti Mfalme Aliyetungwa

Asubuhi hiyo nilikuwa natarizi sanda. Kwetu, kila baada ya miaka saba tunawatoa wazee wetu kaburini, tunawafunga sanda mpya za hariri na kuwaita kwa majina, mmoja mmoja. Asiyeitwa ni kama kasahauliwa na watoto wake. Zilibaki siku nne.

Mume wangu, Solofo, aliingia na simu mkononi, meno yote nje.

"Haingo, sisi ni ukoo wa kifalme! Soma ensaiklopidia ya mtandaoni."

Nikasoma. Binti mfalme Ravololonjaka alikimbilia bonde letu, akazikwa katika kaburi kuukuu upande wa mashariki. Kaburi letu liko mashariki.

"Yule bibi aliyelala rafu ya juu kaburini ndiye huyu," Solofo akasema. "Mshonee jina hilo kwenye sanda."

"Baba anamwita Rasoazanaka."

"Baba? Anatafuta kofia na ameivaa!"

Nami, mjinga, nikatarizi. Kichwa kilinivimba. Nani hataki ufalme wa bure?

Mchana baba mkwe alirudi kutoka sokoni. Akaiona sanda. Akasoma jina polepole.

"Huyu nani?"

Solofo akaeleza. Mzee akakaa chini.

"Rasoazanaka ni bibi yangu. Alinilea. Nilimbeba kwa mikono hii hadi kaburini. Leo mnampa mgeni kitanda chake?"

"Lakini Baba, imeandikwa!"

"Nani kaandika?"

Solofo akaipekua simu akitafuta jina la mwandishi. Nikaiweka sindano chini. Nilishtuka kuona machozi ya mzee yule, sikuwahi kuyaona.

Nikamwita jirani yetu Lalaina. Ni mkutubi, tena huandika katika ensaiklopidia hiyo hiyo, ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika.

"Kaka Solofo, ulitazama huku chini?" akauliza.

"Chini kuna nini?"

"Vyanzo. Kila habari ioneshe ilikotoka. Mwandishi huyu anasema katoa kitabuni, ukurasa wa mia tatu na arobaini. Kitabu hicho kipo maktaba kwangu. Kinahusu ufugaji wa ng'ombe, na kinaishia ukurasa wa tisini na sita."

"Mungu wangu!"

"Ngoja, hujaona bado. Bonyeza hapa kwenye historia ya ukurasa. Unaona? Akaunti moja, siku moja. Kabla ya hapo hakuandika kitu, baada ya hapo katoweka."

"Lakini habari hii iko tovuti tatu!"

"Tazama tarehe. Zote zimenakili kutoka hapa. Hao si mashahidi watatu, kaka, ni kasuku watatu."

"Uongo huu umekaa muda gani?" nikauliza.

"Miaka minne."

Miaka minne! Nikauliza tena, "Na aliyeutunga alipata nini?"

"Kicheko tu."

Solofo alitaka kufuta maandishi yote palepale. Lalaina akamzuia. "Ukifuta kimya kimya, mtu atarudisha, na mharibifu utaonekana wewe. Eleza kwanza."

Akaweka juu ya ukurasa alama ya kuonya kwamba huenda habari ni ya uzushi. Kwenye ukurasa wa majadiliano akaandika sababu: kitabu, idadi ya kurasa, ile akaunti. Kisha akawaomba wasimamizi wachunguze. Kesho yake wakaufuta ukurasa mzima. Mimi nikafumua uzi wangu na kutarizi upya. Solofo alimwomba baba yake radhi, akapiga magoti.

Siku ya sherehe mzee alisimama juu ya kaburi na kuita, "Rasoazanaka!" Tukaitikia wote kwa kishindo. Alimfunga sanda mwenyewe, huku akimnong'oneza na kucheka. Nilifurahi mno.

Mama Razafindravao, wa ukoo jirani, alikuwa kando yangu. Nikamsimulia kisa chetu kwa mzaha. Yeye hakucheka.

"Ravololonjaka?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Hakuwahi kuwepo."

Alinishika mkono kwa nguvu. "Kaburi letu nalo liko mashariki. Mwaka jana, tulipolifungua, wanangu walisema imeandikwa, nami nikanyamaza. Tulimwita huyo. Bibi yangu hatukumwita."

Kaburi lao litafunguliwa tena baada ya miaka sita. Mama Razafindravao ana miaka themanini na tisa.