Jina Juu ya Gunia

Tangu lori liondoke na vitunguu vyake, Evarista hakutulia. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa amekwenda kitaluni mara tatu. Miche ilianza kunyauka, na zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa bado siku tano.

"Mama Goodness, hata kuku wamechoka kukupisha njia," alisema mumewe, Mathias.

"Nikishanunua mashine ya maji nitatulia."

Hela za mashine zilikuwa benki. Mnunuzi alikuwa amemlipa jana, milioni moja na laki nane. Hilo lilikuwa jasho la msimu mzima. Bila mashine, miche ingekufa, na msimu ujao wasingekuwa na cha kuvuna.

Mathias alikwenda kumwomba mgawa maji aisogeze zamu yao. Hakuwa amefika mbali, simu ya Evarista ikaita. Namba ilikuwa ngeni.

"Naongea na Evarista Martini wa Mang'ola?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole. "Mimi ni Herbert wa benki yako. Ni wewe uliyeuza magunia ishirini na nne ya vitunguu?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Pole, mama. Kuna mtu anajaribu kutoa hela zako sasa hivi. Nataka nimzuie. Usikate simu. Ukikata, zinaondoka."

Herbert akaomba namba ya akaunti, Evarista akaitaja. Akaomba namba ya siri, akaitaja pia. Mtu aliyejua hata idadi ya magunia yake angekuwa mwongo kweli?

"Sasa umepokea ujumbe wenye tarakimu sita. Nisomee."

Ujumbe ulikuwa umeingia. Lakini maandishi yalikuwa madogo, na miwani yake Mathias aliikalia wiki iliyopita ikavunjika. Evarista akatoka mbio kwenda dukani kwa Naomi, ng'ambo ya barabara. Naomi alikuwa wakala wa benki.

"Mbona nasikia upepo? Unakwenda wapi?" aliuliza Herbert.

"Naenda kwa wakala anisomee."

"Usimwonyeshe mtu. Hao mawakala ndio wezi wenyewe."

Evarista alisimama katikati ya barabara. Lakini Naomi alikuwa amemwekea hela benki miaka minne, na hata shilingi moja haijawahi kupungua. Akaingia dukani.

"Mama Goodness, unakimbizwa na nani?" aliuliza Naomi.

Evarista alimpa simu, akamwonyesha ule ujumbe. Naomi akausoma wote kwa sauti, ila zile tarakimu aliziruka.

"Hii ni namba ya kuthibitisha kutoa fedha. Usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki." Akainua macho. "Kata simu, dada yangu."

"Nikikata, hela zinaondoka."

"Zitaondoka ukimsomea."

"Wewe mama, soma haraka," sauti ya Herbert ilisikika. Upole wote ulikuwa umeisha.

Evarista alikata. Simu ikaita tena papo hapo, ikaita tena na tena. Kila ilipoita alitaka kuipokea. Naomi akaweka kiganja juu yake.

"Usiipokee. Lete kadi yako ya benki. Igeuze. Hapo nyuma kuna namba ya benki. Hiyo ndiyo ya kupiga, si ile aliyokupigia mtu. Tumia simu yangu, uongee mwenyewe."

Evarista akaifungua kadi kutoka pindo la kanga, Naomi akamsomea namba. Kusubiri kulikuwa kurefu kuliko ibada ya Krismasi. Hatimaye dada mmoja wa benki akapokea. Alimuuliza majina yake na namba ya kitambulisho. Namba ya siri hakuiuliza kabisa.

"Nimeifunga akaunti isitoe fedha," alisema. "Hela zako zipo zote. Kesho njoo tawini Karatu na kitambulisho, ubadilishe namba ya siri, maana umeshaitaja."

Evarista akaketi juu ya kreti ya soda, akalia. Alilia kwa furaha, na kwa aibu pia.

"Usione aibu, hata walimu wanatapeliwa," alisema Naomi. "Iripoti hiyo namba polisi na kwa kampuni ya simu."

"Lakini alijua jina langu. Alijua hadi magunia yangu."

Naomi akamwonyesha nje. Kulikuwa na magunia ya jirani yakisubiri lori. Kila gunia lilikuwa na maandishi makubwa ya kalamu nene: jina la mwenye mali, namba ya simu na idadi ya magunia. Mang'ola nzima iliandika hivyo, mizigo isichanganyike njiani.

"Ulijitangaza mwenyewe mpaka sokoni Arusha," alisema Naomi. "Mtu kujua jina lako si ushahidi kwamba ni wa benki."

Kesho yake alfajiri Evarista alipanda basi la Karatu. Alibadilisha namba ya siri, akafunguliwa akaunti, akatoa hela, akarudi na mashine. Miche michache ilikufa, mingine yote ikainuka.

Mavuno yaliyofuata, magunia yake yalikuwa na mchoro wa jembe tu. Jina na namba ya simu viliandikwa kwenye daftari la dereva. Majirani walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili mmoja akachora jogoo, mwingine nyota.

Siku moja Evarista alikuwa shambani, mashine ikinguruma. Simu ikaita, namba ngeni.

"Mama, napiga kutoka benki. Kuna tatizo kwenye akaunti yako. Usikate simu."

Safari hii Evarista hakungoja neno la pili. Akaikata. Kisha akaitoa kadi, akaigeuza, akavaa miwani yake mpya, akapiga namba ya nyuma.

"Hakuna tatizo lolote, mama," benki ikamjibu.

Evarista akarudisha simu mfukoni, akasogeza bomba la maji kwenye tuta linalofuata.