Aliyeketi Kwenye Mashine ya Tatu

Hitilafu ilikuwa ndogo, ya kumfanya mtu apanguse kioo aangalie tena. Kwenye mashine ya tatu, yule mchukuzi wa kwenye gemu alikuwa ameketi chini.

Kazi ya Shizue Morikawa katika kampuni ile ya Osaka ilikuwa kulinganisha. Gemu yao ya mchukuzi anayeruka mashimo ilikuwa imevuma kwenye kumbi za gemu za kulipia, na sasa ilihamishiwa mashine tatu za nyumbani. Wiki hiyo alicheza ya asili na nakala sambamba kutwa nzima, vidole vikafa ganzi, akisaka tofauti. Rangi imefifia hapa, muziki umekatwa kule. Lakini kuketi?

"Mimi sikumchora ameketi," alisema Nagao, kijana aliyeitengeneza nakala ya tatu. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Tangu mkewe ajifungue, kila arudipo nyumbani alimkuta mtoto amelala.

"Sasa nani kamketisha?"

"Dada, nimechoka. Usiniulize."

Kurimoto, bosi wao, alicheka kwa pua. Gemu ya asili ilikuwa na makaburi na mizuka, kwa hiyo aliipeleka kwa kuhani ikatakaswa, kama ilivyo desturi. Nakala hakuzipeleka, na Shizue alipomuuliza kwa nini, akasema:

"Gemu ni ile ile. Mtu mmoja unamwosha mara ngapi?"

Shizue akaendelea kumrukisha. Kila alipomwangusha shimoni mchukuzi alirudi polepole zaidi, na kwenye spika ikasikika pumzi ya mtu mzima, na chumba chenye kiyoyozi kikaanza kunuka jasho na ubani uliozimika, harufu ya nyumba yenye msiba, na Nagao nyuma yake akawa anahema kwa mwendo ule ule, naye Shizue akataka kuachia mikono asiweze, maana mchukuzi alikuwa amegeuza shingo na kumtazama yeye.

Kuhani aliitwa mchana huo huo. Alinyunyiza chumvi, akapunga fimbo yake yenye vishada vya karatasi nyeupe, akaomba mpaka sauti ikamkauka. Harufu ikakatika. Mchukuzi akasimama, akaruka sawasawa na yule wa asili.

"Safi," alisema Kurimoto. "Kesho inakwenda kiwandani."

Shizue alimkuta Nagao koridoni, ameketi sakafuni, miguu kainyoosha. Alimwonea huruma mno.

"Inuka, mdogo wangu. Nenda kamwone mwanao akiwa macho."

Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nagao aligeuza shingo taratibu, akamtazama kitambo kirefu, kisha akasema kwa sauti ambayo Shizue hakuwahi kuisikia:

"Wiki nzima umenirukisha wewe. Niache nikae."