Nililifunga Ombi la Ouma

Nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi Nyalenda hapa Kisumu. Kazi yangu ni kuhariri video za mazishi. Wasomaji wenzangu, haya ninayowaambia leo hata kaka yangu hayajui. Akijua hatanisamehe, na sitamlaumu.

Ouma nilimpenda. Kwa miaka mitatu tulifanya kazi pamoja katika chumba kimoja pale Kondele, yeye akishika kamera, mimi nikihariri. Aliniahidi atakuja kwetu Port Victoria kuniposa. Kumbe! Siku moja nilifika kazini nikakuta chumba kitupu. Alikuwa amehama na kompyuta, na video zangu zote akazitundika mtandaoni kwa jina lake. Mteja mmoja alipomuuliza niko wapi, alimjibu kwamba mimi nilikuwa mtu wa kumchemshia chai tu.

Chai! Neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki mbuta. Niliapa kwamba Ouma atanitambua.

Programu tuliyokuwa tukihariria sote wawili ni ya bure. Inatengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, na mtumiaji yeyote akitaka kitu kiongezwe, anaandika ombi kwenye ukurasa wao. Maombi huwa mengi mno, kwa hiyo wanahitaji watu wa kuyasoma na kuyapanga: hili lina maana, hili limeshaombwa, hili halieleweki. Nilijitolea, nikatumia jina la bandia, Samawati. Nilifanya kazi kwa uaminifu miezi mingi hadi nikapewa uwezo wa kufunga maombi. Ombi likishafungwa, watengenezaji hawahangaiki nalo tena.

Mnadhani ni nani niliyemkuta huko, kwa jina lake kamili na picha yake ya kutabasamu? Ouma...

Niwe mkweli, nilifurahi! Kwanza aliomba njia rahisi ya kupanga picha za marehemu. Nikafunga, nikaandika kwamba limeshaombwa. Uongo mtupu. La pili nikalifunga kwa kusema maelezo hayatoshi, na maskini alikuwa amejaza ukurasa mzima kwa kubembeleza. Nilikuwa nakunywa chai yangu taratibu huku nikimsoma akiomba. Nani sasa alikuwa mtu wa chai?

Kisha akaleta ombi la tatu.

Programu ile ina kitufe cha kusafisha kazi. Ukikibonyeza, vipande vyote vya video ambavyo hujavitumia vinafutwa hadi kwenye diski yenyewe, na haikuulizi lolote. Ouma aliomba iwe inauliza kwanza. Alieleza kwamba kompyuta zetu huku ni ndogo, zinajaa haraka, na kadi za kamera tunazifuta kila Ijumaa kwa sababu Jumamosi kuna mazishi mengine. Kikifutwa, kimekwenda.

Nilijua anasema kweli. Kitufe hicho kilishaniponza hata mimi. Watu wa nchi nyingine walianza kumuunga mkono, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Niliandika: "Mtumiaji awe makini." Nikafunga ombi, nikafunga na mjadala wenyewe.

Wakati huo mama yangu alikuwa mgonjwa. Mimi na mama... tulikosana nilipopata mimba nikiwa shuleni. Alinifukuza. Baadaye tulisalimiana, nilimtembelea, alimshika mjukuu wake, lakini hakuwahi kutamka kwamba amenisamehe. Neno hilo nililisubiri miaka kumi na saba.

Mama alitaka kumwachia kila mtoto wake maneno, arekodiwe akiwa kitandani. Kaka, ambaye hakujua lolote kuhusu mimi na Ouma, akamwita Ouma na kamera yake. Aliniomba nami nije. Niliposikia mpiga picha ni nani, nikasema nina kazi nyingi. Kazi gani? Ilikuwa chuki tu!

Kaka aliniambia kwamba mama alipofika kwenye jina langu, alimwambia atoke nje. Akabaki na Ouma peke yake. Siku nne baadaye, mama akafariki.

Wiki mbili baada ya mazishi nilimeza kiburi changu, nikaenda studio kwa Ouma kuomba sehemu yangu. Aliponiona alisimama, akashindwa kuniangalia. Alisema maneno ya wengine aliyaweka kwenye video ya familia. Yangu aliyatenga, kwa sababu aliona ni siri ya mama na mtoto, akataka kunipa mkononi. Kisha diski ikajaa. Akabonyeza kile kitufe cha kusafisha, akasahau kwamba yangu yalikuwa bado humo.

Na kadi? Ilishafutwa Ijumaa.

Nilimuuliza mama alisema nini.

"Aliongea Kinyala, lugha yenu, Nabwire. Mimi ni Mjaluo, sikuelewa. Aliongea kirefu tu, akalia, halafu akacheka kidogo."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alitoa simu yake akanionyesha ukurasa ninaoujua vizuri kuliko yeye.

"Mimi niliwaomba hao watu hii kitu, nikawaandikia vizuri kabisa. Ona huyu Samawati alifunga. Sijui nilimkosea nini."

Niliondoka bila kumwambia kwamba Samawati ni mimi. Siku hiyo hiyo nililifungua lile ombi. Halikuchukua hata mwezi, watengenezaji wakalitekeleza. Ouma alimwandikia Samawati kumshukuru.

Sitawadanganya kwamba nimempenda tena. Video zangu bado ziko kwa jina lake, na nikimwona Kondele bado damu inanichemka. Lakini ndugu msomaji, ukipewa kazi ya kusikiliza watu, hata iwe ndogo kiasi gani, na jina la adui yako likatokea mbele yako, tafadhali mpe haki yake kwanza. Mchukie ukishamaliza. Mimi sikufanya hivyo, na sasa nitazeeka bila kujua mama alikuwa akilia nini, wala nini kilimchekesha.