Maji ya Kuosha Mchele

Kila Jumamosi alasiri, mama akiwa bado sokoni Kakuma, Nabei huwasha jiko la makaa na kubandika maharagwe. Jumamosi hii alitaka kupika pilau. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la chumvi, na mpishi wa kwenye video alikuwa akisema, "Osha mchele mpaka maji yatoke safi kabisa." Nyuma yake bomba lilitiririka.

Nabei aliosha, akamwaga maji mchangani, akaosha tena. Alikuwa ameuinamisha mtungi kumalizia matone ya mwisho aliposikia sauti ya mama uani.

"Nabei, nyanya yako amefika kutoka Lokiriama. Mletee maji ya kunywa."

Nyanya alikuwa ameketi kivulini, midomo imemkauka.

"Maji yamekwisha, mama."

"Yamekwishaje? Nimeacha mtungi umejaa."

Nabei alishindwa kumtazama. "Khadro alikuja kuomba. Nikampa."

Khadro alisoma naye darasa moja. Familia yake ilitoka kambi ya wakimbizi ikapanga nyumba ya jirani.

"Hawa watu na kuomba kwao," mama aliguna. "Nenda umwambie arudishe hata nusu."

Bomba la mtaa lilikuwa limefungwa mpaka kesho. Nabei alifika kwa kina Khadro, akasema tu kwamba wamepata mgeni na hawana maji. Mama yake Khadro hakuuliza lolote. Alijaza nusu mtungi kutoka kwenye pipa lao.

"Lete nikubebee," Khadro alisema. "Mikono yako ni kama njiti za kiberiti. Leo unapika nini?"

"Pilau. Nimeiona kwenye simu."

"Nitaonja. Nikifa, mwambie mwalimu nilikuwa jasiri."

Nabei hakuweza kucheka. Njia nzima alitaka kumwambia ukweli, lakini alitembea tu mbele yake.

Mama aliupokea mtungi kwa uso mkavu, akammiminia nyanya kikombe. "Khadro, siku nyingine ukija kuomba, usimalize maji yote. Sisi pia hupata wageni."

Khadro alimgeukia Nabei. Aliinamisha kichwa, akaanza kuondoka.

"Mama, hakuomba," Nabei alisema. Uso ulimwaka kwa aibu. "Niliyamaliza mimi nikiosha mchele. Simu ilisema nioshe mpaka maji yatoke safi."

Khadro alisimama mlangoni pa ua. Nyanya alimaliza kunywa, akaweka kikombe chini.

"Huyo wa simu ana bomba jikoni," alisema polepole. "Angekuwa hapa, angeosha mara moja tu. Mpishi huangalia kwanza kilichomo nyumbani mwake. Hilo ni kosa la mtu anayejifunza, nami sikulaumu. Lakini maji tutachota kesho, mjukuu wangu. Jina la mwenzako ukilimwaga, utalichota kutoka bomba gani? Na kwa nini ukamtaja yeye?"

Machozi yalimtoka Nabei. "Kwa sababu nilijua mama ataamini."

Mama alitazama mtungi ulioletwa, kisha akamtazama msichana aliyeubeba. Alimwendea, akamshika mkono.

"Ni kweli," alisema. "Niliamini kabla ya kuuliza. Nabei alidanganya, nami nikakuhukumu. Khadro, mwanangu, tusamehe sote wawili."